Vitita Kumi na Vinne vya Fomu

Ofisini walimwita Bwana Rula, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuwa na jina jingine. Kwa miaka ishirini na moja alitunza stoo ya fomu za idara ya afya, akipiga mistari kwenye leja kwa rula ya mbao iliyokwisha kulika pembeni. Ubadhirifu aliuogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Bahasha aliigeuza akaitumia tena. Penseli aliichonga mpaka ikabaki ya kushikwa kwa kucha.

Waraka ulipokuja, aliusoma mara mbili, akaukubali kwa moyo mweupe. Tangu siku hiyo mwanamke angesaini mwenyewe fomu ya upasuaji wa uzazi. Ule mstari wa chini, wa sahihi ya mume, umefutwa. Nyumbani alimhadithia mkewe kana kwamba sheria ameitunga yeye. Mkewe akamuuliza kwani siku zote hizo tumbo lilikuwa la nani.

Tatizo, rafuni vilibaki vitita kumi na vinne vya fomu za zamani, safi, havijaguswa na panya. Bwana Rula akaona vitumike kwanza viishe. Fomu mpya zilizokuja na waraka akazifungia kabatini.

Wiki ya tatu aliingia mkunga wa wodi ya wazazi, mkononi ana barua ya kutakiwa ajieleze. Mshonaji mmoja mjamzito alifika hali yake mbaya, akasaini bila kusita, lakini daktari mgeni aliona mstari wa chini mtupu, akakataa kushika kisu mpaka mume apatikane. Alipatikana baada ya saa nne. Mama alipona. Mtoto hakulia.

"Kaka, nilimwambia daktari sheria imebadilika," mkunga alisema. "Akaniuliza, mbona karatasi haijabadilika?"

Bwana Rula akajibu kwamba mambo ya ofisi yana utaratibu wake. Siku mbili sahani yake ikarudi jikoni na chakula. Mkewe alidhani ni meno.

Siku ya tatu akaja mshonaji mwenyewe kuomba nakala ya fomu yake, ambayo mkunga aliiacha hapo stoo kama ushahidi. Sahihi yake ilikuwa imenyooka kama mshono. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Hapa alitakiwa nani, baba?"

"Hakutakiwa mtu, mama."

"Basi siku ile tulikuwa tunamsubiri nani?"

Bwana Rula alifungua kabati, akaweka fomu mpya kando ya ile ya zamani, akamwambia tarehe ilipofika hiyo mpya na ni nani aliyeifungia. Mshonaji alizilinganisha mstari kwa mstari.

"Niandikie hayo," alisema. "Yasimwangukie mkunga."

Akaandika. Mwishoni, kwa mazoea, akachukua rula, akapiga mstari, akasaini juu yake jina lake kamili.

Mshonaji alipoondoka, Bwana Rula alihesabu rafuni. Vilibaki vitita kumi na kimoja. Vitatu vilikwisha kwenda wodini. Akafunga stoo saa za kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavifuata kwa miguu.