Ufunguo wa Chumba cha Ndani

Mama aliniambia neno moja tu kuhusu kanda ile: isisikiwe na mwanamume. Nilikuwa bado msichana wa shule, nimesimama mlangoni nikingoja anisuke nywele, naye alikuwa akiifunga kwenye leso kuukuu na kuitia kabatini chini ya nguo zake za Idi. Ilirekodiwa kwetu Bofu siku ya kumsinga mama mdogo, siku ambayo biharusi husuguliwa mwili kwa liwa ya kunukia na wanawake wenziwe, milango imefungwa, na wanaume wamefukuzwa hadi barabarani. Mama ndiye aliyeongoza nyimbo. Mgeni mmoja kutoka Kisauni aliweka redio yake ya kanda juu ya kinu, akabonyeza, na kwa dakika arubaini na kitu mama yangu aliimba kama mtu asiye na deni na yeyote.

Naitaja kanda hiyo mwanzo kwa sababu ndiyo niliyoiharibu. Mengine yote ninayoyaeleza hapa, baraza, mtandao, watu waliohama, ni njia tu niliyopitia mpaka nikaiharibu.

Baraza tulilijua mimi na watu wachache wenye wazimu wa aina moja. Lilikuwa ukurasa wa mtandaoni wa wapenzi wa kanda za zamani za harusi za pwani. Aliyelianzisha alikuwa mtu wa Kisauni aliyekuwa akiendesha malori Ulaya, na upweke wa barabara za huko ndio uliomfanya atamani kusikia ngoma ya tari. Wakati huo nilifanya kazi katika ofisi ya kupokea makontena Changamwe. Saa ya chakula wenzangu wakienda kula wali na maharagwe, mimi nilibaki na kompyuta ya ofisi na kipande changu cha mkate wa mofa, nikisoma watu wanavyogombana.

Na ugomvi wenyewe ulikuwa mtamu. Sheria yetu kubwa ilikuwa kwamba kanda haipandishwi bila maelezo: harusi ya mtaa gani, miaka ya lini, nani aliyepiga nini, nani aliyekuwa akicheka karibu na redio. Kulikuwa na mstaafu mmoja wa bandari, mkaazi wa Mikindani, aliyebishana na bibi mmoja wa Maskati kwa wiki tatu nzima kama kilichokuwa kikilia ni upatu wa shaba au ni mfuniko wa sufuria. Mwishowe alitokea mtu aliyekuwepo harusini akasema ni mfuniko, kwa sababu upatu ulikuwa umeazimwa nyumba nyingine. Mstaafu aliomba radhi kwa aya nne. Sijawahi tena kuona mtu mzima akiomba radhi mtandaoni.

Tatizo lilikuja na nyimbo za wanawake. Wanawake walikuwa nazo, na walitaka kuziweka mahali zisioze, lakini nyimbo za kusinga si za kusikiwa na kila mtu. Basi mwenye baraza akatengeneza chumba kilichofungwa, tukakiita cha ndani, na ufunguo akanipa mimi, maana siri ya kuingilia niliijua mimi peke yangu. Mwanamke akitaka kuingia alinipigia simu. Nilisikiliza sauti yake, nikamuuliza ni wa nyumba gani na wimbo gani unaanzwa biharusi akishavuliwa ushungi. Wapo niliowakataa, na mmoja alinitukana matusi ya nguoni. Sheria ya ndani niliiandika kwa mkono wangu: kinachosikilizwa humu kinasikilizwa humu humu. Hakuna kupakua, hakuna kutuma, na kanda haiguswi bila idhini ya mwenyewe.

Nikavunja sheria yangu siku ya kwanza. Mama alipokwenda kwa kaka yangu Ziwa la Ng'ombe kumwangalia mkewe aliyejifungua, nilifungua kabati, nikaichukua kanda, nikaipeleka Changamwe kwa fundi wa kike aliyekuwa na mashine ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta. Ilihama vizuri, nikaipandisha chumba cha ndani bila kubakiza nakala nyingine. Nilipoirudia nyumbani kwa redio yetu, kwa tamaa tu ya kuisikia mara nyingine, redio ikautafuna mkanda ukakatika. Niliuzungusha kwa kalamu, nikaurudisha ndani ya leso vilevile ulivyokatika. Nilijiambia kwamba sauti ya mama iko salama ndani, na kwamba kwa vile hakuna mwanamume anayeisikia, nimetimiza alilotaka. Idhini sikuiomba. Nilijua angekataa, na mimi nilitaka wale wanawake wa ndani wajue kwamba huyo ni mama yangu. Ilikuwa fahari, haikuwa kitu kingine.

Watu hawakuhama siku moja. Kwanza alitoka yule bibi wa Maskati, akafungua kundi kwenye mtandao mkubwa, mahali ambapo kila mtu ana picha yake na watoto wake. Aliandika kutuaga kwa adabu, akasema huko ni rahisi, simu inalia yenyewe mtu akisema kitu. Kisha wakamfuata kumi, kisha thelathini. Huko waliweka kanda zilezile bila maelezo, na watu wakajibu kwa vidole gumba na vijiuso vya kulia. Halafu zikaja video fupi, hapo hata kanda nzima haikuhitajika tena. Mstaafu wa Mikindani alibaki nasi akiandika maelezo marefu ambayo hayakujibiwa na mtu. Alipoacha kuandika nilidhani amehama naye. Alikuwa amekufa, nikajua baada ya miezi mitano.

Miaka ya mwisho aliyeandika barazani mara nyingi alikuwa mashine iliyokuwa ikiuza dawa za nguvu za kiume. Nilifuta tangazo lake kila asubuhi kabla ya kazi. Nikiulizwa nilijisikiaje, sina jibu zuri. Ilikuwa kama ile sindano ya ganzi ya daktari wa meno: unajua shavu ni lako, unaligusa, lakini halikwambii kitu. Nilifuta matangazo, nikapokea makontena, nikavuka feri kwenda na kurudi.

Baada ya Idi ndogo mwenye baraza aliandika kwamba amechoka na mgongo unamuuma, na kwamba atafunga kila kitu Idi kubwa ikipita. Kila mtu achukue kilicho chake. Nilikuwa na miezi miwili na siku zake. Kule ndani zilikuwamo kanda thelathini na nne, na sheria ilikuwa sheria, nikawaandikia wenyewe mmoja mmoja nikiomba idhini ya kuzitoa kabla hazijapotea. Niliandika humo humo barazani, katika sanduku la barua ambalo hakuna aliyekuwa akilifungua tena. Wanne walijibu. Wawili walisema nichukue, mmoja akasema niache, wa nne aliuliza mimi ni nani.

Simu zao ningeweza kuzitafuta. Ningeweza hata kuzipakua kanda zote bila kumuuliza mtu, kazi ya jioni moja, ufunguo si ulikuwa mkononi mwangu? Lakini nilikuwa nimekaa miaka nikiwafunza watu adabu ya mlango ule, na nikaona haya kuwa mimi wa kuuvunja. Nilizitoa zile mbili nikawatumia wenyewe. Kuhusu ya mama, ilinibidi nimwombe idhini mama, na kumwomba ni kumwambia kwamba niliiba. Kila nikirudi nyumbani nilisema kesho. Idi kubwa ikafika nikiwa bado nasema kesho.

Siku mbili baada ya Idi mwenye baraza aliniandikia: "Dada, vya ndani nivifanyeje?"

Nikamjibu asivifungue.

Akaandika, "Siwezi kuvifungua, si haki yangu. Nitavifuta vilevile vilivyofungwa."

Nikaandika, "Sawa."

Herufi nne. Nilizituma nikiwa jikoni, mkono mmoja ukikoroga mchuzi wa nazi usikatike. Mimi na yeye tulistahiana hadi mwisho, na kwa kustahiana huko sauti za wanawake thelathini na wawili zikaondoka duniani. Sikulia. Nilionja mchuzi, nikaongeza ndimu.

Ikapita miaka miwili. Mama mdogo, yule biharusi wa kwenye kanda, alifariki, tukamzika, tukasoma hitima. Mama akapungua mwili na maneno. Mimi nilihamishwa dirisha jingine ofisini, karibu na karani mmoja wa bara, kijana mpole anayekula huku akitazama simu. Mchana mmoja kutoka kwenye simu yake ikaja sauti ya mama yangu.

"Hii ngoma imeshika vibaya," aliniambia. "Si ni ya huku kwenu?"

Nikamwambia sijui.

Nilikwenda chooni nikaitafuta kwenye simu yangu. Sekunde kumi na tisa. Msichana anageuza mikono yake yenye hina na piko jeusi, na nyuma yake mama yangu anaimba: mwisho wa ubeti wa pili, kigelegele, maneno mawili ya kwanza ya ubeti wa tatu, basi, inaanza upya. Kwa mbali unasikia feni ikizunguka, ambayo kwenye kanda haikuwamo. Hapo nikaelewa. Mwanamke mmoja kati ya wale niliowakubali mimi mwenyewe, niliowapima kwa sauti na nasaba, aliwahi kukaa mbele ya kompyuta yake akaweka simu karibu na spika. Chini watu walikuwa wakiulizana ni nani huyu. Mmoja alisema ni wa Unguja, mwingine wa Lamu, mwingine akaandika kwa uhakika kwamba hiyo si sauti ya mtu, imetengenezwa na kompyuta. Sauti ile ilikuwa imeshachukuliwa na maelfu ya watu wakaitia kwenye video zao, za keki, za magari, za mwanamume mwenye ndevu anayekunja vilemba.

Upo mlango wa kulalamika. Nikaufungua. Uliniuliza kama mimi ndiye mwenye sauti, na kama siye, niandike jina kamili la mwenyewe. Nikaufunga, nikarudi kwenye makontena.

Mama aliisikia Jumamosi. Jirani alikuja kurudisha mbuzi ya nazi, simu yake ikiimba mkononi, na mimi nilikuwa uani nikianua nguo. Nilimsikia mama akimwambia jirani aiweke tena. Kisha jirani akaenda zake, mama akaniita.

"Abee mama," nikaitika.

Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchicha. "Ni mimi yule," alisema.

"Ni wewe, mama."

Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama na nguo mikononi. Nilivyofungua kabati, nilivyokwenda Changamwe, redio ilivyotafuna mkanda, baraza, chumba, ufunguo. Alichambua mchicha mpaka nilipofika mwisho. Kisha akasema kwamba baada ya arubaini ya mama mdogo aliifungua leso akaikuta kanda imekatika, akadhani ni unyevu. Alikuwa ameitoa kwa sababu ya ubeti wa tatu. Wa kwanza na wa pili ni wa kila harusi, kila mwanamke anazijua, lakini wa tatu aliutunga mwenyewe siku ileile, wa mdogo wake, huku akimsugua mabega. Haukuandikwa popote. Alitaka kuusikia mara moja tu.

Nikamwambia, "Wanaume wameisikia, mama. Ni wengi."

"Nimeona. Hilo utalijibu wewe." Aliweka kando bua la mchicha. "Iliyosalia iko wapi?"

"Haipo."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Niliacha wakaifuta."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na idhini yako."

"Nilisema wanaume wasisikie," alisema. "Sikusema ipotee."

Ganzi niliyoizoea miaka yote ile ilikuwa bado ipo, lakini safari hii niliusikia uzito wake, kifuani, nikatamani anipige.

Akaniambia niiweke. Nikatoa simu yangu nikaiweka, nikakaa mkekani kando yake. Mama akafumba macho, akaifuata sauti yake ya ujana kwa sauti yake ya sasa, mwisho wa ubeti wa pili, kigelegele hakukipiga, maneno mawili ya kwanza ya ubeti wa tatu. Pale ilipokatika akaendelea na neno moja peke yake, akasita. Video ikaanza upya. Akaniashiria niiache. Mara ya pili alifika kwenye neno lilelile akasimama. Mara ya tatu alianza kuimba mapema zaidi, kabla ya sauti, apate kasi ya kuvuka, na midomo ikaendelea kusogea kidogo bila kutoa kitu.

Mara ya nne alisema basi. Alinirudishia simu, akakung'uta majani ya mchicha kwenye kanga yake, akaenda kutawadha.