Ndovu wa Serikali, Mpunga wa Mama

Kwetu kila jasho lilikuwa na jina lake. Aliyekuvunia mpunga ulimpimia ujira wake kwa pishi, palepale shambani. Mkunga alipewa ada, na ole wako umwambie ni bakshishi, angekurudishia mkononi. Mbuzi wako akila shamba la jirani, hukungoja kuitwa. Ulijitwika kapu la mpunga, ukaenda, ukasema, "Nimeleta fidia." Hata kama kapu halikufika nusu ya kilicholiwa, jirani alijua kwamba umemwona kuwa mtu. Ndiyo maana mpaka leo, na uzee wangu huu, nikisikia mkubwa amemharibia mtu mali yake kisha akampa "zawadi", damu hunichemka.

Mwaka ule Waingereza ndio waliotutawala. Mama alikuwa mjane, nami nilikuwa nimerudi kwake kumsaidia kuamia mpunga bondeni, upande wa Mohoro. Tuliishi kwenye dungu, kijumba kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, tukifukuza ndege mchana kutwa mpaka sauti zikatukauka. Mpunga ulikwisha kuinamisha vichwa. Alfajiri moja wakaja ndovu watano. Tulipiga madebe, tukapiga mayowe. Waliondoka walipotaka wao, wakatuachia tope.

Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita askari wa wanyamapori, alikuja siku ya tatu, ndovu mmoja aliporudi, akampiga risasi mlemle shambani. Wapagazi wake wakakanyaga kipande cha mpunga kilichosalia, wakabeba pembe, wakaenda zao. Mzoga wakatuachia. Nyama ya ndovu, sisi Waislamu! Tulichokula ni harufu yake, wiki nzima.

Mama akajifunga kaniki yake safi. "Mbuzi akila, mwenye mbuzi huja," akaniambia. "Huyu mwenye ndovu hajaja. Twende tumfuate."

Karani wa baraza pale Mohoro alikuwa kijana wa rika langu. Hakumwamkia mama, wala hakumpa pa kukaa.

"Bibi, ndovu ni wanyama wa Mungu," alisema. "Serikali itakulipaje kwa kazi ya Mungu?"

"Marehemu baba yake huyu," mama akajibu akinishika bega, "alitaka kumchoma mmoja mkuki. Mkamwambia ni ndovu wa serikali, atafungwa. Leo wamekuwa wa Mungu?"

Watu wakaangua kicheko. Karani hakukipenda. Akasema nyama tulikwisha kupewa, tena zawadi, ila kwa huruma tungeongezewa gunia la mtama, nalo zawadi, mama atie dole gumba tu. Sitaficha, nililitamani gunia lile. Tangu jana yake sikuwa nimetia kitu tumboni.

"Andika fidia, nitalichukua," mama akasema. "Hata ukinipa pishi moja, andika fidia."

"Siwezi. Nikiandika fidia, serikali imekiri kosa."

"Basi kaa nalo."

Akainama, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili baraza zima lisikie: "Bibi huyu amekataa zawadi, na amesamehe madai yake yote."

Amesamehe! Mpunga walikwisha kuula. Kitu pekee kilichobaki mkononi mwa mama kilikuwa msamaha wake, autoe au auzuie, na huo nao wakauchukua bila hata kumwuliza. "Sikusamehe," mama alisema, akarudia mara tatu. Karani alikuwa ameshamwita mtu mwingine. Tulirudi kwa miguu, na msimu ule tuliumaliza tukichimba ming'oko porini, mizizi ambayo ukikosea kuipika hukuwasha koo.

Miaka mingi baadaye mama alipolala kitandani asiinuke tena, watu walikuja kutakana radhi naye, kama ilivyo desturi. Alimsamehe jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Alinisamehe mimi, na makosa yangu si haba. Mwalimu wa chuo cha Kurani akainama, akamwambia kwa upole, "Na wale wa mpunga wako, mama, wasamehe nao, uende mwepesi."

Mama akafumbua macho.

"Hao," akasema, "bado hawajaja kuniomba."