Dua kwenye Majani ya Bi Kidawa

Jirani yangu Bi Kidawa alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ufagio. Kabla ya adhana ya alfajiri ungemsikia, kwara, kwara, njiti za chelewa juu ya mchanga. Kwao Umwerani, alisema, nyumba yenye majani mlangoni ni mahame. Mwenyewe kafa au kahama. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Mingoyo, sote tulishuka kwenye lori tukilia. Yeye alishuka na ufagio, akaanza kufagia pori.

Maji yalikuwa mtoni, mwendo wa saa nzima, na Bi Kidawa alikuwa na goti bovu. Basi mwaka 1975 ikatangazwa kwamba kijiji kitapata bomba moja, na mgeni rasmi kutoka Lindi atachagua liwekwe mbele ya nyumba gani, ile itakayompendeza zaidi. Goti lile likapata tumaini.

Hapo ndipo alipokuja Eusebio, bwana shamba wetu, na kijitabu cha wataalamu mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nyumba za kisasa zina nyasi mbele. Wala hatupandi kwa mkono. Tunapuliza."

"Marahaba. Mnapuliza nini?"

"Uji."

"Majani? Mlangoni kwangu?"

"Mgeni rasmi ni msomi, bibi. Atapenda."

Bi Kidawa alilishika goti lake, akakubali.

Na kweli ulikuwa uji: mbegu za nyasi, mbolea, unga wa mbao, muhogo wa kugandisha, na rangi ya kijani ya kutilia ukili wa mikeka. Faida, kijitabu kilisema, ni kwamba kazi ya wiki inaisha asubuhi moja, na mbegu zinaganda hata penye mteremko, mvua haizichukui. Eusebio akaumimina kwenye pampu ya dawa ya mbu. Pampu ikaziba. Akaipiga teke. Ikazibuka. Uwanja ukawa kijani, ukuta ukawa kijani, mbuzi wangu akawa kijani, na Jumapili ile Eusebio alikuja kanisani na masikio ya kijani.

Hasara zilikuwa ukurasa wa mwisho. Nyasi zimwagiliwe mara tatu kwa siku. Zisikanyagwe wiki tatu. Na muhogo uliochanganywa na mbegu, jamani, kuku gani ataukataa? Walikuja kuku wa kijiji kizima. Bi Kidawa akawa anaingia kwake kwa dirisha la nyuma, mimi nikimsukuma. Mtoni alikwenda mara tatu kwa siku, ili siku moja apate bomba asiende mtoni.

"Shoga, hii ni akili?" nilimwuliza.

"Mama Alfonsi, mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Nyasi zikaota. Nzuri, nasema kweli, nene, mpaka kizingitini. Alfajiri kukawa kimya. Nilishindwa kulala bila ule ufagio, nikaanza kufagia kwangu.

Siku ikafika. Mgeni rasmi, mtu mpole mzaliwa wa huku huku kwetu kusini, Likawage, alisimama mbele ya nyumba ya Bi Kidawa. Aliona majani mpaka mlangoni, hakuna alama ya mguu hata moja, mlango umefungwa.

"Innalillahi," alisema. "Amefariki lini?"

Kabla hajajibiwa akainua mikono. Nani akatize dua? Mwenyekiti wa kijiji akainua, Eusebio akainua, nami Mkristo nikainua. Bi Kidawa alichungulia dirishani na kanga yake mpya. Alipoona watu wanaomba, naye akainua, akaitikia amina.

Mgeni akageuka, akauona uwanja wangu.

"Hapa pana watu. Bomba liwekwe hapa."

Makofi. Neno la mgeni rasmi likishapigiwa makofi halirudi. Ningeweza kusema. Sikusema. Nami nilikuwa nayataka maji yale, na mpaka leo naona haya.

Jioni Bi Kidawa alinijia. "Mama Alfonsi, tulikuwa tunamwombea nani?"

Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Kesho yake alishika jembe akayapara majani yote.

Bomba lilivuja tangu siku ya kwanza. Nyasi zikaota zenyewe mbele ya mlango wangu, bila pampu wala kijitabu. Kila alfajiri Bi Kidawa alikuja akichechemea, ndoo mkono huu, jembe mkono huu. Alizipara kwanza, akafagia, ndipo akachota. Nilimsihi aache.

"Nyamaza," alisema. "Wasije wakakusomea dua na wewe."