Hippolyte na Ukuta wa Tribunali

Hippolyte alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu Emile, na ukuta aliojenga yeye haukuhitaji kupimwa mara ya pili. Ninalisema hili kwanza kwa sababu huko Kabambare wako wanaosimulia kwamba alikaribia kufungwa kwa wizi wa matofali. Hakuiba hata kipande. Angeiba, ningemwelewa, maana mwizi ana sababu ambayo kila mtu anaijua. Hippolyte alitaka kututia aibu ukoo mzima kwa ajili ya serikali ya Amerika, nchi ambayo hajawahi kuiona, na ambayo haikujua kama yupo.

Sisi ni watu wa Kasongo. Emile alikuwa mwalimu wa misheni, nami nilisomeshwa na masista mpaka nikasoma Kifaransa bila kutikisa midomo. Alipofariki aliniachia nyumba na jina. Nyumba ikichakaa unaipaka chokaa upya. Jina halina chokaa. Katika ukoo wa Emile hakuna mtu aliyewahi kuvaa nguo za boloko, yaani jela, wala kulima barabara akiwa na polisi nyuma yake, na nilikusudia ibaki hivyo mpaka nami nizikwe.

Hippolyte alihamia Kabambare, kwao Léocadie, mke wake. Kabla ya hapo alijenga kwa mchungaji mmoja Mwamerika, Mprotestanti, aliyekuwa akiinua nyumba ya wagonjwa upande wa mashariki. Mzungu yule alishika mwiko mwenyewe, akipanga matofali pamoja na mafundi wake huku akisema kutwa nzima. Wengine walirudi kutoka kazi ile na kofia, wengine na Biblia. Shemeji yangu alirudi na serikali.

Kiangazi kile, mwaka wa hamsini na sita, nilipanda lori kwenda kuwasalimu. Sikuwa hata nimenawa vumbi la njia, yeye tayari ameanza.

"Shemeji, sikiliza. Kule, prezida ndiye mukubwa wa askari. Anachagua mawaziri, anaangalia sheria zishikwe na watu. Lakini kuhukumu mutu? Hapana! Hata mwizi wa kuku, prezida hawezi kumuhukumu."

"Majuji wanawekwa na nani?"

"Na prezida."

"Basi ni watu wake."

"Ngoja, shemeji, usikimbie! Yeye anawataja tu. Wazee wa baraza ndio wanakubali ao wanakataa. Wakisha kukubali, juji mukubwa anakaa pale mpaka kufa. Prezida hawezi kumutosha kwa kile kiti, hata kama ni yeye alimuweka. Baraza tu linaweza, tena kwa kosa kubwa sana. Na majuji wakisema amri ya prezida inavunja sheria kubwa ya inchi, ile amri inakufa palepale."

"Na maneno ya majuji, nani anayatimiza?"

Akajikuna kichwa. "Watu wa prezida."

"Na prezida akikataa?"

"Hata mimi niliuliza vile. Mupasteri alisema majuji hawana bunduki, hawana polisi. Prezida anatii juu ya vile inchi nzima inamuangalia. Asipotii, atapata haya."

"Haya!" Léocadie alicheka kutoka kwenye mafiga. "Nchi kubwa vile inashikwa na haya, na bwana yangu hata haya ya kuacha mugeni akule hana. Mama Mwalimu, karibu sombe."

Nami nilicheka. Ningejua yanayokuja, nisingecheka.

Sultani wa sekta, yaani chifu wa pale, alikuwa amempa Hippolyte kazi ya kujenga nyumba mpya ya serikali: chumba kimoja cha ofisi, na kingine cha tribunali. Kwetu, ofisi na tribunali zilikuwa mtu mmoja. Sultani alikusanya kodi, alionyesha kila mtu pa kulima pamba, aliamuru polisi. Na siku ya tribunali aliketi kwenye kiti akamhukumu yule ambaye hakulima pamba. Hakuna aliyeona ajabu. Bwana wa teritwari mwenyewe, yule Mzungu aliyetawala wilaya nzima, alifanya vivyo hivyo, asubuhi akiwa msimamizi na mchana akiwa juji. Kwa hiyo Sultani alipochora nyumba kwa fimbo yake kwenye mchanga, alichora mlango katikati, apite kutoka kwenye meza moja hadi nyingine bila kutoka nje. Hippolyte alisema, "Ndiyo, Sultani." Watu walimsikia.

Kisha akajenga ukuta mzima, bila tundu hata la panya.

Sultani alikuja kuikagua nyumba, wazee nyuma yake na nusu ya soko nyuma ya wazee. Akaingia ofisini, akaufikia ukuta, akaupapasa kama kipofu.

"Hippolyte, mlango iko wapi?"

"Mlango gani, Sultani?"

"Wa kupita kwa tribunali!"

"Sultani, mutu wa amri iko upande huu, mutu wa hukumu upande ule. Ukuta ni wa kukusaidia. Utapumuzika."

Mtu mmoja alicheka, kisha soko lote. Nafikiri ukuta wenyewe ungesamehewa, kicheko hakikusameheka. Sultani alisema siku ya tribunali Hippolyte atajibu kosa la kudharau amri, na kila mtu alijua kosa hilo linalala wapi: boloko.

Nilivaa kikwembe changu cha Pasaka, nikaenda kwake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti.

"Mama Mwalimu, bwana yako nilimuheshimu. Lakini huyu alinifanya muchezo mbele ya watu. Avunje ukuta, apige magoti, neno liishe. Akikataa, aende kulima barabara."

Ilikuwa rehema, na nilikimbia nayo nyumbani kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae. Hippolyte alinisikiliza akinoa tindo yake.

"Nitavunja, juji akisema. Sultani ni mwenye kesi, shemeji. Mwenye kesi hawezi kuwa juji."

"Magoti yako yana thamani kuliko jina la kaka yako?"

"Jina la kaka ndilo linanikataza."

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Nililala na kichwa kinauma, nikaamka nacho.

Tribunali ilikaa kwenye barza ya zamani, lile banda la mikutano, kwa kuwa nyumba mpya ilikuwa na ugomvi. Sultani aliketi kwenye kiti chake, polisi nyuma, wazee waamuzi wamekaa kandokando. Mkubwa wao alikuwa mzee Bulaimu, Mwislamu mwenye kanzu iliyofuliwa mpaka ikaonyesha mwili. Karani alimwita Hippolyte, akasimama.

"Ninaomba kuuliza. Mushitaki ni nani?"

"Ni mimi," alisema Sultani.

"Na juji?"

"Ni mimi. Haunioni?"

"Ninakuona, Sultani. Basi jishitakie kwanza, tusikie. Halafu jiulize, tusikie. Ukisha kujijibu, mimi nitasema yangu."

Barza ilivunjika kwa kicheko. Nilifunika uso kwa kitambaa. Akilini nilikwisha kumwona amevaa nguo za boloko, na mimi nikipita sokoni Kasongo watu wakinyamaza.

Ndipo mzee Bulaimu akakohoa. "Huyu fundi mdomo wake ni mubaya," alisema. "Lakini Sultani, baba yako alipogombana na shemeji yake juu ya bwawa la samaki, alikaa wapi?"

Sultani alimpungia karani mkono, kesi iendelee.

"Mimi nilikuwako. Alishuka. Mwenye neno anakaa kwenye mukeka, hata kama kiti ni chake. Kiti kilibaki kitupu, sisi tukasema tukikiangalia. Ndiyo desturi ya nyumba yenu, si ya Wazungu."

Nyuma ya Sultani walikuwapo polisi na mikanda yao. Nyuma ya Bulaimu hakukuwa na kitu, ila nguzo ya barza. Sultani aliwatazama polisi, kisha akatutazama sisi, uso kwa uso, mpaka wa mwisho. Akashuka, akaketi kwenye mkeka. Hakuna aliyemgusa. Jambo nililolicheka jikoni, kwamba mkubwa hushikwa na haya tu, lilitimia mbele ya macho yangu, na nilikasirika hata kwa hilo, maana niliona jinsi Hippolyte atakavyovimba.

Wazee waliamua haraka, tena kwa haki. Fundi alikubali kuweka mlango. Fundi habadilishi nyumba ya mwenziwe. Atoboe mlango kabla ya tribunali ijayo. Boloko hakuna.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilifunga mizigo yangu. Ilinibidi kuifungua tena, kwa sababu kesho yake Hippolyte alikuwa amekaa kibarazani akichonga mpini.

"Ukuta?" nilimuuliza.

"Ninangojea amri."

"Amri gani? Umekwisha kuhukumiwa!"

"Juji anahukumu, shemeji, hatimizi. Kutimiza ni kazi ya Sultani. Atume mutu aseme: Hippolyte, fanya ile majuji walisema. Nitaanza saa ileile."

Nilituma neno kwa Sultani. Jibu lilirudi: yeye alikwisha kukaa kwenye mkeka, hatatuma tena mtu kumbembeleza fundi, masikio ya Hippolyte yalikuwako. Basi mmoja akangoja amri, mwingine akakataa kuitoa, na siku ya tribunali ikakaribia. Safari hii hata Bulaimu asingeweza kumtetea, kwa kuwa anayeipuuza hukumu anafungwa na wote.

"Niliolewa na Amerika," alisema Léocadie, akipeta mchele. "Wenzangu waliolewa na watu."

Ilipobaki siku moja tu kabla ya tribunali, asubuhi nilivaa tena kikwembe cha Pasaka. Nilichukua nyundo na tindo ya Hippolyte, nikapita katikati ya soko bila kumsalimu mtu, nikaingia katika nyumba mpya, nikaanza kuupiga ukuta. Chokaa ilinirukia machoni. Watu walijaa madirishani. Sultani alikuja, akasimama mlangoni, akatazama.

Hippolyte alifika mbio.

"Shemeji! Si pale! Boriti iko juu yako, utaangusha paa!"

"Nionyeshe basi mahali."

"Siwezi kugusa, sijapata am…"

"Katika nyumba ya Emile, nani anaamuru?"

Akanywea. "Ni wewe."

"Na nani anahukumu?"

Akawatazama watu waliojaa madirishani. "Pia ni wewe."

"Basi Amerika haijafika kwetu. Piga!"

Akanipokonya tindo. Hadi jioni mlango ulikuwa umekamilika, kizingiti kimenyooka, mbao zimekaa, na kesho yake, siku ya tribunali, wazee walikwenda kuutazama wakasema hukumu imetimia. Hakufungwa. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyefungwa, andikeni hivyo.

Lakini komeo la mlango ule Hippolyte alilipigilia upande wa tribunali. Hukumu, alisema, ilitaja mlango, haikutaja komeo. Na wazee walipokaa ndani, walilifunga, kwa kuwa upepo ulipeperusha karatasi za karani. Sultani aliufikia mlango, akausukuma, ukakataa. Akainua mkono abishe hodi. Watu waliokuwa ofisini walimwona. Akaushusha mkono, akatoka nje, akaizunguka nyumba yote juani, akaingia kwa mlango wa barabara kama mtu yeyote mwenye shauri. Léocadie aliniandikia kwamba hata masika alizunguka hivyohivyo, na mwavuli, tope hadi kwenye visigino.

Kwa hiyo mlango ulionitoa malengelenge mikononi hakuna anayeupita. Nilimwambia Hippolyte kwamba, kama ni hivyo, ukuta ungebaki mzima. Alinijibu kwamba hapana, shemeji, hukumu ni hukumu.