Sufuria Juu ya Kifaru

Namsifu Mungu aliyetupa macho ya kuona, na vidole vya kufuata kile ambacho macho yameona. Amenipa miaka zaidi ya sabini, na mikono yangu bado haitetemeki sana. Hilo peke yake lingetosha kunipigisha magoti kila asubuhi.

Nilikuwa katekista na fundi seremala hapa Dutwa. Nilipostaafu kazi zote mbili, nilianza kuchonga vifaru vya vita, vile vya chuma vyenye mizinga. Navitengeneza vidogo, kila sentimita moja ya mbao ikisimama badala ya sentimita thelathini na tano za chuma. Minyororo nakata kwenye mpira wa tairi la baiskeli, na mtutu wa mzinga unatoka kwenye antena ya redio mbovu. Watu huniuliza mtu wa dini anatafuta nini kwenye vyombo vya vita. Huwajibu kwamba vyangu havijaua hata panya.

Kazi ngumu ni kichwa, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake. Viwanda vilikuwa vikibadilisha kichwa mara kwa mara huku mwili wa chini ukibaki karibu vilevile. Kwa hiyo vifaru viwili vikisimama pamoja utadhani ni kimoja, mpaka uangalie juu. Ni kama ng'ombe wa rangi moja kwenye zizi moja: mwenye mali anawatofautisha kwa pembe, mgeni haoni kitu.

Jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Afande, alipigana vita vya Kagera akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa kupakia makombora ndani ya kifaru. Asubuhi moja alikuja kwangu akiwa ameshikwa mkono na mkewe, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

"Mwangaluka, Mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Afande. Leo unaletwa kama bwana harusi?"

"Naletwa kama mbuzi wa mnadani," alijibu, akakaa.

Ndipo mkewe akaniambia. Walikuwa wametoka kwa daktari wa macho. Presha ya macho imekula jicho la kushoto, na la kulia limebaki na nafasi ndogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bua la jani la mpapai. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingeweza kulinda kilichobaki, lakini daktari hakuahidi.

Afande alitoa picha kwenye bahasha. Vijana wanne wamesimama mbele ya kifaru, picha imefifia na kona moja imeliwa na mchwa.

"Unachonga vifaru vya watu usiowajua," alisema. "Nichongee changu. Nataka nikione kabla dirisha hili halijafungwa, nimwonyeshe mama mahali nilipokaa. Miaka yote hii anafikiri nilikuwa nimekaa kama abiria wa basi la Mwanza."

"Si ulisema mlikuwa na viti?" mkewe aliuliza.

"Viti, mama. Sikusema dirisha na soda."

Nilianza siku ileile. Binti yangu alinitumia picha nyingi kwenye simu, nami nikazilinganisha na ile ya Afande. Kichwa cha mviringo kama bakuli lililofunikwa, uvimbe mdogo kwenye ncha ya mtutu, nafasi kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Vyote vililingana. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kwenye picha ya Afande, juu ya kichwa upande wa kulia, kulikuwa na kitu kidogo cha duara kilichoinuka kama uyoga. Kwenye picha za simu hakikuwepo.

Nilikitazama kwa lenzi. Kisha nikacheka peke yangu, nikaona nimeelewa. Nyumbani kwetu vyombo vikishaoshwa vinafudikizwa juu ya uchanja vikauke. Hawa vijana walikuwa wamepika, wakaosha sufuria, wakaifudikiza juu ya kifaru kwenye jua. Nilijiona mtafiti. Nikachonga kichwa laini, bila sufuria.

Wiki ya tatu nilimpelekea. Alikaa mlangoni penye mwanga, akakiweka kifaru kwenye magoti, akakitazama kwa ule upenyo wake: gurudumu moja, halafu jingine, halafu mtutu. Alikuwa akitabasamu. Alipofika juu, tabasamu likaisha. Akapitisha kidole upande wa kulia, akarudia.

"Mwalimu, hiki ni kizuri," alisema polepole. "Lakini si changu."

"Kivipi?"

"Feni iko wapi?"

Sikujua feni gani. Akanieleza kwamba mzinga ukilia, ndani kunajaa moshi wa baruti, na juu ya mpakiaji kuna feni ya kuingiza hewa, imefunikwa na kofia ya chuma. "Nilikaa chini yake. Bila ile, ningekuwa nimekauka kama dagaa."

Ilibidi niseme ukweli. "Afande, mimi nilidhani ni sufuria."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, akashika mlango. "Sufuria! Mwalimu, yaani watu wanapigwa mabomu, wao wanaanika vyombo?"

Afande naye akacheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yote mawili, hata lile lisiloona. Kisha akafuta uso, akasema kwa sauti nyingine, "Fanya haraka kidogo, ndugu yangu. Jana sikukiona kikombe mpaka nikakimwaga."

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Nilitafuta tena na kugundua kosa langu: picha za simu zilikuwa za aina ya T-55, ambayo ilitengenezwa baadaye bila ile kofia. Cha Afande kilikuwa cha aina ya T-54. Ningeweza kubandika kifungo cha shati juu na kumaliza, lakini nilikuwa nimesogeza mlango wa mpakiaji mbele mno, na kofia isingepata nafasi yake. Nikachonga kichwa kipya. Mimi ni mtu wa kazi ya taratibu, na siku zile taratibu yangu iliniogopesha. Kila jioni niliomba jambo moja tu, kwamba jicho lile lisubiri.

Baada ya siku tisa nilikwenda tena, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Afande alikiweka mapajani. Safari hii hakuanza na magurudumu. Alitafuta juu kwanza, akageuza kichwa chake huku na huku mpaka ule upenyo ukakipata kile kijikofia, si kikubwa kuliko punje ya choroko. Akatulia hapo. Nilihesabu pumzi zangu.

"Nimekiona," alisema. "Mama, lete kidole."

Akamshika mkewe kidole, akakiweka juu ya ile punje. "Mimi hapa. Mbele kushoto, mpiga mzinga. Nyuma yake, kamanda. Huyu wa chini, dereva, alikuwa mtu wa Shishiyu, anaimba vibaya."

"Na wote walirudi?" mkewe aliuliza. Baadaye aliniambia alikuwa hajawahi kuuliza swali hilo katika ndoa yao yote.

"Dereva hakurudi," alisema Afande. Akaanza kusimulia, na mkewe hakuondoa kidole. Mimi nikaaga kimyakimya.

Mpaka leo ninapoandika haya, matone yanafanya kazi, na upenyo haujapungua. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku yake.

Wewe unayesoma, Bwana akulindie nuru uliyonayo, ikiwa nyingi au kidogo. Akupe mtu wa kukukosoa bila kukuaibisha, na akuongezee muda wa kurekebisha ulipokosea. Amina.