Jina Langu Kwenye Kifuniko cha Tangi

Ramona Zeuner alikuwa mwoka keki. Nasema hilo mapema kwa sababu hata leo linanichoma. Miaka kumi na saba aliuza keki za sinia katika mji wa Apolda, duka likafungwa, akasomea kazi upya akiwa na miaka arobaini, kisha wakamleta kwenye maabara yetu hapa Jena, Ujerumani, kwenye tangi langu.

Ndiyo, langu. Ndani yake, hewa yote ikishafyonzwa, tunakipaka kioo matabaka ya metali ya molibdeni na ya silikoni kwa kupokezana, jozi sitini, kila tabaka jembamba hata unywele ni gogo mbele yake. Kioo cha kawaida humeza eksirei laini. Chetu huzirudisha, kila tabaka kidogo, mradi unene usikosewe. Mimi niliwahi kurudisha asilimia 69.1, na kwa desturi yetu jina la bingwa huandikwa kwa kalamu nyeusi kwenye kifuniko. Akishindwa, hulifuta kwa mkono wake na kuandika la aliyemshinda. HENNING lilikaa pale miaka tisa.

"Hapa hatupaki krimu, bibie," nilimwambia siku ya kwanza.

"Ungeniambia mapema, nisingekuja na mwiko wangu."

Chumba kizima kikacheka. Mimi nilikuwa nimewatania watu wale miaka yote, hakuna aliyewahi kucheka hivyo.

Akaanza na 67. Akapanda 68.4, kisha 68.9. Mkuu wetu akawa anapita mezani kwangu bila kusimama, anauliza Ramona yuko wapi. Nilimwonea wivu, sina neno jingine la kuweka hapo. Nilichukia hata alivyokuwa akiimba huku akivaa glavu.

Novemba akapewa kioo kikubwa cha mteja. Asubuhi ya kukipaka nilifungua daftari la saa za matumizi, nikaona sahani ya silikoni, ile inayotoa silikoni ya kupaka, imeshatumika zaidi ya saa mia nne. Sahani iliyochoka hutoa kidogo, matabaka huwa membamba mno, na kioo huharibika. Kwetu anayeona jambo kama hilo husema. Nilinyamaza.

Ramona alifunga kifuniko, akanigeukia.

"Una neno, Henning?"

"Sina. Kazi njema."

Alinitazama kidogo, kisha akawasha pampu. Mimi nilikwenda kula soseji ya kuchoma, nikaongeza na ya pili.

Ijumaa simu ikaja kutoka Berlin, wanakopima vioo vyetu. Asilimia 69.6.

"Haiwezekani!" nikaropoka. "Sahani ile ilikuwa imechoka!"

Watu wote wakageuka. Ramona alikuwa anakata keki ya plamu aliyoileta mwenyewe, akaweka kisu chini.

"Ilichoka, ndiyo. Nikapunguza mwendo wa kioo, kikakaa chini ya silikoni muda mrefu zaidi. Mbinu hiyo uliiandika mwenyewe, ukurasa wa mwisho wa daftari lako la kazi la tatu. Una mwandiko mbaya, we mzee, lakini nimeyasoma yote kumi na manne."

Sikumbuki kuandika kitu hicho. Baadaye nilikitafuta, nikakikuta, kwa mkono wangu, pamoja na doa la kahawa.

Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Daftari la saa uliliacha wazi mezani. Nilijua umeona. Ndiyo maana nikakuuliza. Nilikuwa nakusubiri useme, Henning, hata nilipokuwa na kidole kwenye swichi."

Akanipa kitambaa chenye spiriti.

Nilisugua. Miaka tisa ilikuwa imeng'ang'ania kwenye chuma, ikabidi nitumie mikono miwili, wote wakinitazama. Kisha nikaandika RAMONA, herufi kubwa.

Akaniletea kipande cha keki kwenye kisahani. Nilikula nikiwa nimesimama kando ya tangi lake. Ilikuwa tamu kuliko keki yoyote niliyowahi kula, na hilo nalo lilinichoma.