Ute wa Konokono wa Kaliua

Kazi yangu ni kupangusa ute. Ndugu zangu wakiulizwa husema nafanya utafiti, kisha hucheka. Huko pwani namshika kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, au konokono wa bahari, nampitishia kijiti chenye pamba mgongoni, namrudisha majini akiwa mzima. Ule ute una vinasaba, na maabara itaniambia ni wa jamii gani. Zamani walikuwa wanakatwakatwa. Mimi kuua sitaki, na nikianza kulisema hilo sinyamazi.

Shangazi yangu anaishi Kaliua. Nyuma ya shamba lake la mpunga palikuwa na kidimbwi cha chemchemi, na ndani yake konokono wadogo wenye mistari ambao sijapata kuwaona kwingine. Mwaka huu akanipigia simu: wajenzi wa barabara wanakuja kukifukia. Nikamwomba awaokote wote, awaweke kwenye ndoo na maji yaleyale. Nikifika niwapanguse, kisha niwahamishie chemchemi nyingine. Treni ikatukalisha Tabora mchana kutwa. Nilifoka mpaka muuza karanga akanipa pole.

Nilipofika, kidimbwi kilikuwa kifusi kitupu.

"Shikamoo, shangazi. Ndoo iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, upumue."

Akaniletea sinia lililofunikwa kawa. Konokono walikuwa wamepangwa humo, wanang'aa. Alikuwa amewasugua mmoja mmoja kwa majivu na sabuni, maana kwetu mgeni hakabidhiwi kitu chenye matope. Niliwagusa. Hakuna aliyejikunja.

"Shangazi, umewaua!" nikapayuka. "Wote! Mungu wangu, wote!"

Akashika mdomo. "Walikuwa na utelezi... nikasema mwanangu atashikaje uchafu huu?" Akaketi chini palepale, akalia. Hasira zikaniisha, nikabaki na huzuni tu.

Nikakata vipande vya nyama, jambo ninalolichukia, nikavipeleka maabara. Majibu yalipotoka mwenzangu hakuamini, akarudia kipimo. Hawakufanana na konokono yeyote kwenye kumbukumbu zetu. Tumezunguka chemchemi zote za jirani, hatujaona hata mmoja.

Jana shangazi alipiga simu. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka.

"Mwanangu, wale konokono walikuwa wa aina gani hasa?"



"Wa kawaida tu, shangazi. Wamejaa kila mahali."

Nikamsikia akishusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi leo nitalala."